Barabara ya vumbi nayo ni mali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika, wiki chache zilizopita, kwamba barabara ya vumbi inayokatiza msitu ni dalili ya kuchelewa kwetu, na kwamba hakuna mgeni wala mwenyeji atakayeujali msitu wowote mpaka lami iufikie. Barua yake niliisoma nikiwa Hamburg, Ujerumani, ninakoishi huu mwaka wa 14. Nilipoimaliza nilicheka peke yangu, kwa maana Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimedamka kabla ya jua, nikalipa nauli ya treni, nikabeba baiskeli begani kupanda na kushuka ngazi za stesheni, kwa kusudi moja tu la kwenda kuitafuta barabara isiyo na lami.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi baiskeli ukubwani. Kina mama wa kwetu hunyonga baiskeli kwenda sokoni, kazini na msibani, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa kupitisha mguu katikati ya fremu ya baiskeli ya baba, kwa kuwa nilikuwa sijaifikia siti. Sikuja Ulaya kugundua magurudumu mawili. Nilichokikuta huku, ambacho ndicho kilichonisukuma kuandika, ni watu wenye lami ya kuwatosha na kubaki, ambao kwa makusudi kabisa wameacha sehemu ya nchi yao iwe na njia za mchanga na changarawe, wakazifunga magari yasipite, na hadi leo wanatoa fedha kila mwaka ili nchi hiyo ibaki hivyo.

Sehemu ninayoisema inaitwa Lüneburger Heide, nayo iko kati ya miji ya Hamburg, Bremen na Hannover. Neno Heide halina mwenzake wa moja kwa moja kwetu. Ni nyika ya vichaka vifupi, vya urefu wa goti, vyenye vijiti vigumu ambavyo zamani vilifungwa kuwa mafagio. Mahali pa nyumbani panapoikaribia ni ule ukanda wa vichaka ulio juu ya msitu wa Kilimanjaro, ambako jamaa wa mmea huu humea. Sehemu kubwa ya mwaka nyika hiyo ni ya kahawia na haina la kumvutia mpiga picha. Ufikapo Agosti hugeuka zambarau tupu mpaka upeo wa macho, na wenyeji wana kanuni yao rahisi ya kukumbuka, kwamba maua huanza tarehe 8 ya mwezi wa 8 na kwisha tarehe 9 ya mwezi wa 9. Kiini chake ni hifadhi ya zaidi ya hekta 23,000 iliyopata ulinzi wa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ingawa jina linaitaja nyika, zaidi ya nusu ya eneo hilo ni msitu, hasa wa misonobari, uliokatwakatwa na mabonde ya vijito. Juu ya vyote kuna kilima kiitwacho Wilseder Berg, chenye mita 169 tu kutoka usawa wa bahari, ambacho mtu wa Lushoto angekiita tuta. Hata hivyo nchi inayokizunguka tuta hilo ndiyo inayogawa maji: upande mmoja mito ya Seeve, Luhe na Este hushuka kuufuata mto mkubwa wa Elbe, na upande mwingine Wümme na Böhme huishia katika maji ya mto Weser.

Siku yangu huanza hivi. Treni ya kwanza hunitoa Hamburg mpaka Buchholz. Ya pili, ndogo na ya dizeli, hunishusha Büsenbachtal au Handeloh, na kutoka kwenye jukwaa la stesheni hadi kuikanyaga njia ya mchanga ni mwendo wa dakika chache. Büsenbach ni kijito ambacho kijana angekiruka bila kukimbia, lakini kimejichongea bonde lake kamili, nyika ikiwa kwenye mabega na nyasi mbichi zikiwa chini. Ukisonga mbele, upande wa Wehlen, unazikaribia chemchemi za Seeve, na hapo utalijua bonde kwa ngozi kabla hujaliona kwa macho: hewa inapoa ghafla hata mwezi wa Julai, miti inakuwa ya majimaji, udongo unakuwa mweusi na matairi yananyamaza. Kisha misonobari tena, kilomita baada ya kilomita, njia imenyooka kama iliyopigwa kwa kamba, harufu ya utomvu ikizidi kadiri jua linavyopanda. Halafu msitu unakatika kama ulivyoanza, na mtu anajikuta katikati ya nyika iliyo wazi, mireteni ikiwa imesimama hapa na pale kama wazee wanaosubiri kikao. Katika saa tatu au nne za kunyonga huenda nisikutane na chochote chenye injini, isipokuwa trekta la mkulima au gari la bwana misitu, ambalo nalo hupunguza mwendo na kunipisha. Huko kupishwa ndiko nilikokaa siku nyingi sikuamini.

Msomaji atauliza ni baiskeli ya namna gani inayofaa huko. Siku hizi kuna baiskeli zinazoundwa mahususi kwa ajili ya changarawe, zenye usukani uliopinda kwenda chini kama wa baiskeli za mashindano, breki za diski, na matairi ya upana wa milimita 40 hivi, na bei zake zinaumiza. Mchezo huu umekua kiasi kwamba UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, liliuandalia ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 huko Italia, na Kenya ina mashindano yake ya siku kadhaa katika nchi ya Mara tangu mwaka 2021. Mimi sishindani na mtu. Natumia fremu ya chuma niliyoinunua mtumba, nikaivisha matairi mapana, na siri yote iko kwenye upepo. Kwa lami unajaza tairi mpaka ukiligonga linalia kama jiwe. Ukiingia nalo hivyo kwenye mchanga wa Heide, gurudumu la mbele linakwenda litakako na wewe unashuka kama gunia la mkaa. Ukipunguza upepo mpaka kipimo cha pampu kisome karibu na bar 2, tairi hujitandaza, hushika, na mchanga uliokuwa adui unakuwa zulia. Somo hilo nililipia kwa goti la kushoto.

Lipo jingine nililolielewa polepole. Nyumbani tunaihofia mvua kwa sababu barabara ya udongo wa mfinyanzi ikishaloa hugeuka sabuni, na mtu wa Usambara anajua maana ya kuibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Heide ni kinyume chake. Ardhi yake ni mchanga na kokoto zilizoachwa na barafu kuu za kale, pamoja na majabali yaliyosukumwa na barafu hiyo kutoka Skandinavia, kwa hiyo maji hunywewa papo hapo, na asubuhi baada ya mvua njia huwa imara kuliko adhuhuri ya jua kali. Baadhi ya njia za zamani kati ya kijiji na kijiji zimetandikwa mawe ya mviringo yanayotikisa meno, lakini pembeni mwake umeachwa ukanda mwembamba wa mchanga ulioshindiliwa, na huko ndiko waendesha baiskeli wote hukimbilia, mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu. Nayataja haya nisije nikaonekana nadai kwamba kila barabara ya vumbi nchini kwetu iachwe ilivyo. Barabara ya kumfikisha mjamzito hospitali na viazi sokoni iwekwe lami, tena leo. Hoja yangu inahusu njia za ndani ya misitu na hifadhi, ambazo mwisho wake hakuna zahanati wala ghala, na ambazo mwandishi yule alizitia kwenye kapu moja na barabara za wilaya.

Sasa, nani aliamua kwamba magari yasipite? Hapa ndipo mwandishi yule angefaidika zaidi, kwa sababu uamuzi huo haukushuka wizarani. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na hofu kwamba bonde moja zuri karibu na kijiji cha Wilsede, liitwalo Totengrund, yaani bonde la wafu, lingejengwa nyumba za mapumziko za watu wa mjini. Mchungaji wa kanisa la Egestorf, Wilhelm Bode, alimshawishi profesa mmoja wa Münster, Andreas Thomsen, alinunue, naye akalinunua mwaka 1906. Mwaka 1909 kikaundwa chama cha hifadhi ya mazingira kiitwacho Verein Naturschutzpark, ambacho kiliendelea kununua ardhi kipande kwa kipande, Wilseder Berg nayo ikiwemo, na chama hicho kingali kinaitunza ardhi hiyo. Kiswahili kina neno moja kwa yule aliyeombea watu na kwa wale wanaolisha kondoo, na katika habari hii neno hilo halikukosea, maana mchungaji wa Egestorf aliokoa malisho ya wachungaji wengine.

Nasema malisho kwa sababu jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba nyika hii si pori la asili. Ukiiacha bila kuigusa, kwa miaka michache inaota misonobari na miti mingine, kisha inakuwa msitu. Imefanywa kuwa nyika na watu: walikata miti tangu enzi za kale, wakachunga, wakachimba matabaka ya juu ya udongo pamoja na vichaka vyake wakayatandika zizini, na yakishachanganyika na samadi wakayarudisha shambani, kwa kuwa mchanga peke yake haukuweza kuwalisha. Leo kazi ya kuizuia isirudi kuwa msitu hufanywa na makundi ya kondoo wa kijivu wenye pembe, waitwao Heidschnucke, ambao hutafuna vichaka vikongwe vikachipua upya na kung'ata miche ya miti kabla haijainuka. Wanapopita asubuhi huchana utando wa buibui, na wafugaji wa nyuki huwashukuru kwa hilo, kwa kuwa nyuki wao hupata njia ya kuyafikia maua. Asali yake ni nzito, haitiririki, unaichota kama jeli. Nilipowapelekea ndugu zangu Tanga kopo moja walidhani imeharibika. Pale kondoo wasipotosha, chama hukata vichaka kwa mashine, na wakati wa baridi huchoma vipande vidogo kwa ulinzi, moto ukisimamiwa hatua kwa hatua. Mbwamwitu wa Ulaya, si wale wa kwetu wenye mabaka, nao wamerudi katika eneo hili, kwa hiyo wenye kondoo wameongezewa gharama ya nyua za umeme na mbwa wa kulinda, na ubishi juu ya jambo hilo ni mkali kama ubishi wetu juu ya tembo na mashamba ya mahindi.

Kwa hiyo ninaposema njia ya vumbi ni mali, nakusudia mali inayogharamiwa, wala si kitu kilichosahauliwa. Kijiji cha Wilsede, kilicho katikati ya hifadhi, hakiruhusu magari ya wageni hata kidogo. Mgeni hufika kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa gari la kukokotwa na farasi kutoka vijiji vya pembeni kama Undeloh na Niederhaverbeck, ambako ndiko anakoliacha gari lake. Katika msimu wa maua kuna basi la bure linalozunguka vijiji vya eneo lote likivuta trela la baiskeli, na aliyechoka katikati ya safari hana sababu ya kumpigia mtu simu aje kumchukua. Wanaouza keki ya unga wa ngano nyeusi pale Wilsede hawajawahi kunilalamikia kwamba ukosefu wa lami unawanyima wateja. Mwezi wa Agosti malalamiko ni kinyume chake, kwamba watu ni wengi mno, na mimi mwenyewe huikwepa Heide wikiendi za maua kwa sababu mavi ya farasi na misururu ya watembea kwa miguu huifanya safari kuwa ya kupiga kengele tu. Afadhali Oktoba, ukungu ukiwa bado haujainuka mabondeni.

Na si Heide peke yake. Sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kwa ajili ya mapumziko, na inamruhusu mwenye baiskeli kupita, mradi asitoke kwenye barabara na njia. Ndani ya hifadhi ya Heide masharti ni makali zaidi, na unatakiwa kufuata njia zilizowekwa alama. Nimeona mzee mmoja akimfokea kijana aliyekatiza nyikani ili apige picha, na kijana akaomba radhi. Ulinzi wa kweli wa mahali huonekana katika mambo madogo ya namna hiyo, pale ambapo hakuna mlinzi lakini kila apitaye anajiona ni mwenye mali.

Wala wasidhani wasomaji kwamba nchi hii iliokoka bila madhara. Kwa miongo mitatu, mpaka mwaka 1994, sehemu ya nyika hii ilitumiwa na vifaru vya majeshi ya Uingereza kwa mazoezi, chini ya mkataba kati ya serikali, na mahali pengi hapakubaki kitu ila mchanga mtupu na vumbi lililofika majumbani. Walipoondoka, ardhi ilirekebishwa, na leo napita karibu na Schneverdingen juu ya nyika ambayo mtu asiyeambiwa hawezi kujua kwamba miaka 30 na kitu iliyopita ilikuwa uwanja wa minyororo ya chuma. Adui wa sasa ni mgumu zaidi kumfukuza kwa sababu haonekani: naitrojeni inayoletwa hewani kutoka mashamba makubwa na moshi wa magari hushuka juu ya udongo huu maskini, inaurutubisha usivyotaka, na nyasi zinaota mahali pa vichaka vya Heide. Gari limezuiwa getini, moshi wake umeingia. Sijui jibu la hilo ni geti gani.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wajerumani, nasi tuna shida zetu. Basi aende Nairobi. Msitu wa Karura uko ndani ya jiji, una hekta zipatazo 1,000, na mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiwa anajaribu kupanda mti kwenye lango lake kuupinga mgao wa ardhi hiyo kwa wajenzi. Leo wakazi wa jiji wanalipa kiingilio, wanakodi baiskeli, wanaacha magari nje, na wananyonga juu ya moramu chini ya miti, wakishuka hadi mtoni na kwenye maporomoko ya maji. Moramu, nasisitiza. Sijasikia Mnairobi akidai msitu ule uwekewe lami ndipo aone fahari kuuingia.

Kwetu tuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo mtu wa Dar es Salaam anaifikia kwa asubuhi moja. Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki tangu mwaka 2010, na wajumbe huja na kwenda kila mara, wakionyeshwa bandari, zimamoto na mitambo ya taka, mambo ambayo ni mema. Naomba, kupitia gazeti lako, ujumbe utakaofuata utenge siku moja ya kupanda treni ndogo ya dizeli mpaka Handeloh na kunyonga hadi Wilsede, wakae na wale wenye kondoo, waulize geti linafungwaje, nani hulipa, mkulima mwenye shamba ndani ya hifadhi anaruhusiwa kupita na nini, na ukanda ule wa mchanga pembeni mwa mawe hushindiliwa mara ngapi kwa mwaka. Na nyumbani, kabla greda halijaingizwa katika njia yoyote ya msitu, atumwe mtu akae kwenye njia hiyo Jumamosi mbili tatu na daftari, ahesabu wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa gari, kisha takwimu hizo zichapishwe katika kurasa zako tuzione sote.

Naye msomaji mwenzangu, asiyeamini kwamba mtu mzima anaweza kuilipia nauli barabara ya vumbi, nakukaribisha Hamburg wakati wowote. Nina baiskeli ya pili. Usukani wake umepinda kidogo kuelekea kulia, lakini breki zinashika, na upepo nitakupunguzia mimi mwenyewe.

Wako,
Msomaji wa Tanga,
Hamburg, Ujerumani